Dari Inayotembea

Kila usiku, saa nne na nusu, dari yangu huanza kutembea.
Hatua kumi na moja kwenda dirishani,
kugeuka,
kumi na moja kurudi.
Nimezihesabu mimi, Vendel, dereva wa tramu mstaafu,
mtu wa njia isiyo na kona ya kushtukiza.
Hapa Miskolc kuta za ghorofa ni nyembamba kama maneno ya pole;
jirani akipiga chafya, unamtakia afya bila kumwona.

Februari nikapanda ngazi na ufagio niliokuwa nikiigongea dari,
lawama zangu nimezipanga foleni kama abiria wa alfajiri.
Akafungua Etelka, afuaye mashuka ya hospitali,
spika za masikioni zikining'inia shingoni, muziki ukichuruzika,
mashavu mekundu kama katoka kukimbia thelujini.
Nyuma yake, zulia:
njia nyembamba iliyoliwa hadi nyuzi.

"Samahani," akasema. "Nilikuwa mbali.
Lőrinc ndiyo kwanza alikuwa anarudi nyumbani."

Lőrinc ni kaka yake. Hakuzaliwa.
Alianza kumtunga akiwa na miaka tisa,
siku baba alipovunja sahani zote za buluu,
moja moja, bila kupandisha sauti,
naye chini ya meza akaugundua mlango
usiohitaji kitasa.
Sasa Lőrinc ana miaka arobaini na miwili, ana mke, ana deni la benki,
ana kovu kidevuni lenye kisa chake,
na nyumba kando ya ziwa, ambayo ngazi yake ya tatu hulia ukiikanyaga.
"Namjua kuliko mtu yeyote wa kazini," akasema,
akacheka kicheko cha kuomba radhi.

Msimamizi akimkaripia mbele ya wenzake,
hasira haimfikii; huituma ziwani,
na Lőrinc hugonga meza kule kwa niaba yake.
Aibu, vivyo hivyo. Wivu, vivyo hivyo.
Kila hisia imeajiriwa katika nyumba ile,
yeye amebaki na mashuka,
pembe kwa pembe, uso mkavu.

Mama yake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia.
Mficha maradhi, husemwa, kilio humfichua;
Etelka hata kilio alikipatia maficho.
Pale makaburini, udongo ulioganda ukipigwa sururu,
alitazama vidole vya glavu zake,
na kule ziwani Lőrinc akalia, akalia,
mpaka mkewe akamletea maji.
"Alilia vizuri," akaniambia. "Mimi nilikuwa na njaa."

Ningesema nini?
Mimi mwenyewe, tangu Ilka aniache na vikombe viwili,
nina mafumbo ya maneno gazetini, saba kwa siku,
na nikikwama kwenye "hali ya aliyeachwa, herufi sita,"
huruka, nikashuka mstari wa chini.
Ufagio niliuegemeza ukutani kama si wangu.

Akapasha supu, kopo la mwisho
alilolipika mama yake, lililobaki kwenye friza.
Katikati bado barafu.
Akatia kijiko, akaanza kwenda. Niliona:
macho yakilegea kama tramu iliyoachiwa mteremko.
"Etelka," nikasema, "chumvi imezidi."

Akaonja.
"Siku zote alizidisha," akasema,
na hapo, bila Lőrinc, bila ziwa, bila muziki,
kikamtoka kifuani kitu kisicho kizuri,
kwikwi yenye makamasi,
mkono umeshika ukingo wa meza
kama jengo zima limefunga breki.

Ilidumu dakika nne. Saa najua kuitazama.
Kisha akala, barafu na yote.

Sisemi alipona. Jana dari ilitembea mpaka saa saba.
Ila kuna usiku hatua hufika sita, pengine saba,
zikasimama,
nami huku chini, kalamu hewani,
nasikia kiti kikivutwa
na mtu mmoja, aliyemo nyumbani mwake,
akipenga kamasi.