Kiti cha Nne na cha Tano

Mimi mpira sijui.
Najua sindano namba kumi na tano,
najua mshipa unapojificha chini ya ngozi ya Delmer Hutto,
na kwamba Royce Tillery hufumba macho nikimchoma,
akidai anasali. Hasali. Anaogopa.

Mmoja kiti cha nne, mwingine cha tano,
kati yao pazia ambalo hakuna aliyewahi kulivuta.
Mara tatu kwa juma, muda wa saa nne,
damu inatoka, inazunguka mrijani, inarudi safi,
na wao wanachafuana kwa maneno.

Hutto ni wa Nyigu. Kofia ya manjano, soksi za manjano,
hata blanketi, kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe.
Tillery ni wa Nyumbu tangu tumboni.
Baba yake aliufagia uwanja wa chuo kile
miaka ambayo mtu mweusi aliruhusiwa kuufagia
na hakuruhusiwa kukaa.
Hilo halisemi akiwa kwenye utani.

Jumamosi hii timu zao zinakutana.

"Nyumbu hazai, Royce. Muulize daktari yeyote wa mifugo.
Ndiyo maana kabati lenu la vikombe
lina buibui na picha ya kocha."

"Na nyigu hana asali.
Anavuma, anauma, kisha? Mzinga mtupu.
Debe lenu nalisikia tangu mwaka wa sabini na moja."

"Sabini na moja mwamuzi alikuwa shemeji yenu!"

"Alikuwa kipofu, hakuwa shemeji. Usitutafutie ukoo."

"Mrusha mpira wenu anarusha kama anayewamwagia kuku mtama."

"Na walinzi wenu ni mlango wa kanisa:
kila ajaye, karibu, pita mbele."

Mashine ya Hutto ikalia. Nikaminya kitufe.
Shinikizo limeshuka, nikasema, nyamazeni kidogo.
Wakanyamaza. Nilihesabu hadi tisa.

"Alama kumi na nne," Hutto akanong'ona,
midomo myeupe. "Tunawapiga kwa kumi na nne."

"Weka kitu, basi."

Fedha hawana. Bia walishakatazwa.
Wakawekeana barafu.
Hapa kikombe kimoja cha vipande vya barafu
ndio mgao wao wa siku, na kiu hiyo
mimi ninayekunywa nitakavyo siijui.
Atakayefungwa atatoa kikombe chake juma zima.
Wakapeana mikono isiyo na sindano,
wa kushoto kwa wa kulia, wakashikana vibaya.

Alhamisi Hutto aliwahi.
Kulikuwa na kiti kimoja cha alfajiri ya Jumamosi;
aliyekuwa akikikalia hatakuja tena.
Nikamwambia yeye kwanza, orodha inaanza na jina lake:
ukimaliza mapema, mchezo utauwahi.
Akaivua kofia. Akaikagua ndani, kana kwamba
ameandikiwa kitu mle.

"Mpe Royce."
"Kwa nini?"
"Mjukuu wake ni namba thelathini na tatu. Mwaka wa kwanza.
Huenda wakamwingiza dakika mbili, huenda wasimwingize.
Ila akijua imetoka kwangu hataenda. Namjua, ni nyumbu kweli.
Sema kompyuta imechagua."

Nikasema kompyuta imechagua.
Tillery akacheka mpaka mrija ukatikisika.
"Umesikia, Delmer? Hata kompyuta ni ya kwetu!"
"Imekuhurumia," Hutto akajibu, bila kugeuka.
"Nenda ukajionee kilio chenu kwa macho yako."

Kwa hiyo Jumamosi mchana tutakuwa wawili,
mimi na Hutto, na redio yake ndogo,
na pembeni kiti cha tano kitupu.
Jana, nikimfunga bandeji, alinivuta mkono wa sare.
"Bi Odetta, huwa nasinzia kabla sijamaliza.
Yule mtoto akishika mpira, niamshe."
Akafikiri.
"Akifunga, usimwambie mtu kwamba nilikuwa macho."