Tundu

Nzilani, fundi wa fremu, Barabara ya Kirinyaga,
anapima jani la kitabu cha sala
kutoka Ufaransa, la karne sita zilizopita.
Si karatasi. Aligusa tu, akajua:
ngozi ya ndama. Baba yake aliwamba ngoma,
vinyweleo havimdanganyi.

Pembeni konokono anakwea mzabibu.
Herufi ya kwanza imevaa buluu na dhahabu
kama bibi arusi aliyewahi kufika.

Chini, tundu.
Pengine kupe alimuuma ndama akiwa hai,
kisha kisu cha mkwanguaji kikalipanua.
Mwandishi hakulaani. Alifika ukingoni,
akaruka, akalimalizia neno ng'ambo,
kama sisi na dimbwi la hapo nje.

“Lifunike,” mteja alisema. “Linaharibu.”

Saa moja kasoro, stima zinapotea.
Anawasha mshumaa,
na dhahabu iliyosinzia kutwa chini ya taa nyeupe
inaamka kama aliyeitwa kwa jina.
Mwanga unapenya tunduni, unatua kiganjani mwake,
mdogo, punje ya mtama.

Anachukua kisu. Anaipima upya kadibodi,
chini zaidi, vidole viwili.
Mteja atalalama.
Atalipa.