Mpaka Saa Sita Unusu

Muhuri niliupiga mimi, Jumanne, baada ya chai.
Kibali cha muda: baa ya Mwanakondoo, bonde la juu, Welisi,
kuuza vileo usiku wa mechi
mpaka saa sita unusu, isizidi.
Hesabu niliifanya nyuma ya bahasha:
mpira unaanza saa nne; dakika tisini,
robo saa ya mapumziko, majeruhi wawili watatu,
kisha nafasi ya mtu kumaliza glasi na kutafuta koti lake.
Nikajiona mkarimu.

Pingamizi lilikuwa moja tu,
la Idwal Beddoe, mwoka mikate, mlango wa pili,
karatasi ina unga kwenye kona:
Ukuta wetu ni mmoja. Mimi huamka saa tisa.
Nililisoma, nikalitia kwenye faili,
faili nikalirudisha kabatini.
Timu yetu haijafika hatua hii tangu baba yangu ana nywele.

Usiku wenyewe nilikwenda. Ningekosaje?
Nerys Prosser alikuwa amekibandika kibali dirishani,
jina langu chini kwa wino wa bluu,
na bendera ya joka imeziba nusu ya tarehe.
Watu walijaa hadi kwenye ngazi za choo.

Moja kwa moja. Filimbi. Bado moja kwa moja.
Mtangazaji akasema: nusu saa ya nyongeza,
na ukumbi mzima ukashangilia
isipokuwa mimi,
niliyekuwa naitazama saa ya ukutani
kama mdaiwa anavyotazama mlango.

Refa ana saa yake.
Halmashauri ina yake.

Zilipobaki dakika tano aliingia Konstebo Mared,
akavua kofia, akasimama karibu na mlango
akijitahidi asitazame runinga.
Sita unusu ilitukuta mpira uko kwenye kona.
Nerys hakusema kitu. Alitoa taulo mbili
akayafunika mabomba ya bia, taratibu,
kama mtu anayemfunika mgonjwa miguu.

"Bwege gani aliyeandika saa hii?"
Dirisha lilikuwa na jibu. Vichwa vikageuka, safu kwa safu.
Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma;
methali haisemi mwenye kuushika asimame wapi.

"Kuuza ndiko kumekwisha," nikasema, sauti nyembamba.
"Kutazama hakuhitaji kibali."
Konstebo alifikiri.
Akaufunga mlango, yeye akiwa ndani.

Basi penalti tulizitazama tukiwa wakavu,
watu themanini na glasi tupu,
kimya hata friji ikasikika.
Wa kwanza, ndani. Wa pili, ndani.
Wa tatu kipa aliugusa, ukaingia hivyo hivyo.
Wa nne, ndani, kelele.
Wa tano alikuwa kijana wa bonde la pili;
shangazi yake hununua mikate kwa Beddoe.
Aliuweka mpira. Akauinua, akauweka tena.
Ulipaa juu ya mtambaa panya
ukapotelea kwenye taa.

Hakuna aliyevunja kitu.
Haydn mrefu alianza kupandisha viti juu ya meza.
Nerys akakibandua kibali, gundi ikabaki kwenye kioo,
akanikabidhi: "Chukua chako."

Ilikuwa saa saba kasoro, na kwa mwoka mikate kuna mwanga.
Nilivuka upande wa pili wa barabara. Hakukusaidia.
Idwal alifungua dirisha, yuko na fulana tu,
na nyuma yake nikaona kiti cha jikoni
kimesogezwa hadi kwenye ule ukuta wetu mmoja.
"Nimewasikia mpaka wa nne," alisema.
"Halafu mkanyamaza. Kwa hiyo sijui."

Karatasi ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne.
Sikumjibu upesi.
Nilimwachia kidogo,
akiwa ameegemea dirisha, mikono ina unga,
kabla hatujafungwa.