Kiraka

Mimi fundi baiskeli, Kitangari, nyuma ya ghala la korosho.
Pancha naijua: jaza tyubu upepo, izamishe kwenye beseni,
povu litakuonyesha mahali.

Somoe alikuwa akibana pua na kupuliza,
upepo ukamtoka sikioni kwa mluzi mwembamba.
Wenzake walimlipa karanga wausikie.
Nilicheka nao. Hilo nalisema kwanza.

Miaka minne, usaha.
Tulitia mafuta ya nazi, ya uvuguvugu.
Tulitia maji ya majani ambayo sitawatajia.
Huku kwetu dumu la maji ni la kununua,
na bado tukapata ya kumwaga sikioni.

Mwalimu Chitanda alimwita mara tatu
kisha akaandika kwenye daftari lake, kwa wino mwekundu:
*Sikio la kufa halisikii dawa.*
Mzazi atie sahihi.
Nikatia.

Ndanda, daktari alinichorea kiwambo,
na kati yake tundu lenye umbo la korosho.
"Tutachukua utando nyuma ya sikio lake mwenyewe,
tuwambe upya."
Nikauliza, kwa solusheni gani?
"Hakuna. Mwili hushika, au hukataa.
Wengi hushika. Si wote."
Nikanyamaza. Hata mimi sijawahi kumwahidi mtu kiraka
kabla hajapanda mlima wa Newala na kurudi.

Kushoto kwanza. Pamba, wiki sita,
chafya kwa mdomo wazi,
kichwa tukikifuta kama yai.
Kikashika.
Kulia, mwaka uliofuata: kikashika robo tatu,
pembeni pakaachia, tundu la ncha ya pini.
Daktari akaandika mstari mmoja:
*Matokeo mazuri.*

Mazuri.
Mvua ya kwanza juu ya bati alikimbilia uvunguni,
akidhani tunapigwa mawe.
Sufuria zilimkera. Jogoo alimkera.
Usiku aliuliza nani anatembea nje;
yalikuwa mabibo, yakidondoka juu ya majani makavu.

Na usiku mmoja nilizungumza na mama yake
kwa sauti yetu ileile ya zamani,
hapohapo kando yake, kama watu wanavyozungumza kando ya gunia:
"Huyu, nani atamwoa?"

Kutoka mkekani:
"Nimesikia."

Koroboi iliwaka hadi ikaisha mafuta.
Hakuna aliyesogea.

Bado hutazama midomo yetu tukisema.
Daktari alisema ni mazoea, yataondoka.
Mimi nadhani anahakikisha.

Jana mteja ana haraka, beseni halijajazwa.
Somoe akaniondolea tyubu mkononi,
akaizungusha taratibu karibu na sikio la kushoto,
macho kayafumba.
"Baba. Inavuja hapa."

Nikatafuta chaki.