Swali la Kumi na Moja

Binti wa utafiti amepanda ngazi za udongo hadi kwangu Buholo,
viatu mkononi, tableti ndani ya mfuko wa nailoni.
Nimempa kigoda. Mimi nimebaki na karai langu la sambaza.
Uliza tu, nimemwambia, mikono ina kazi yake
na mdomo una yake.

Miaka? Thelathini na minne.
Watoto? Watano.
Anabonyeza tano.
Hakuna pa kumbonyeza Asifiwe, aliyekaa siku tisa.

Ulielezwaje kuhusu uwezo wa pete hiyo?
Muuguzi Cibalonza hakuniapia.
Alimwaga mezani punje mia za maharagwe,
akatenga saba kwa ukucha.
"Hawa, kwa mwaka, huenda wakashika mimba,
wengi wao kwa kusahau. Waliobaki wanalala."
Nilizitazama zile saba hadi akakohoa.
Moja ilikuwa na tundu la dudu.

Usalama?
Alinifunga mkono kwa kile kitambaa kinachovimba.
Aliuliza kama navuta sigara,
kama kichwa huniuma nikaona vimulimuli,
kama mguu mmoja wa mama yangu uliwahi kujaa.
Jirani yangu Nalweba presha ilimgomea,
akapewa njia nyingine, akaninunia wiki nzima
kana kwamba ni mimi niliyempima.
Mwezi wa kwanza kichwa kiliniuma, matiti yakawa mazito,
chakula nikakisikia harufu tangu kwa jirani.
Kichwa kiliacha. Ute umezidi, mpaka leo.
Andika na hilo.

Unakumbukaje siku za kuitoa?
Mwanzo nilifuata mwezi.
Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazidanganyi samaki,
sambaza zinakosekana sokoni Kadutu,
nami nakaa nyumbani: wiki yangu ya kuwa bila pete.
Lakini mwezi unachelewa, kila mara siku na kitu,
na tumbo halingoji mtu anayechelewa.
Sasa nachora mkaa nyuma ya mlango,
mistari ishirini na mmoja, halafu saba mifupi.
Watoto wanadhani ni madeni.

Iliwahi kutoka yenyewe?
Mara moja, nikiwa nimechuchumaa nafua.
Laini, angavu, nyepesi kuliko bangili ya mtoto.
Niliisuuza kwa maji baridi, nikairudisha
kabla saa tatu hazijapita.
Pete yangu ya ndoa niliiuza mwaka ule wa karo.
Hii haina mnunuzi.

Swali la kumi na moja.
Je, mume wako aliihisi? Je, aliikubali?
Ndiyo. Hapana. Sijui.

Mugisho huchimba Kamituga, hurudi bila kupiga simu.
Usiku ule alisimama katikati, akasema, kuna kitu.
Nikasema, ni changu.
Akageukia ukuta. Mvua ilikuwa inapiga bati
na kule juu tulisikia udongo ukisogea,
sisi wawili macho wazi, kila mmoja na hesabu yake.
Asubuhi alihesabu viatu vya watoto mlangoni,
na kimoja kisicho na mwenzake,
akaenda kunywa chai kwa dada yake
siku tatu.
Aliporudi aliuliza: inauzwa franka ngapi?
Nikamwambia kituoni hawatozi.
Akasema, aa.

Bonyeza unachotaka hapo.

Binti hakubonyeza. Kioo kikazima chenyewe.
Akaiweka tableti chini, kifudifudi,
akatazama mlangoni kama kuna mtu.
Mama, ukiwa unaiingiza... inauma?

Swali hilo halikuwa na namba.
Nikasukuma karai pembeni.
Kwanza, nikamwambia, nawa mikono.