Siku ya Kumi na Mbili

Karatasi ilisema bukta, bluu iliyokoza,
yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ifike magotini.
Mama Damari akaisoma mara tatu kwa sauti,
kama mtu anayetajiwa bei asiyoiamini.
Fulana ya kijani. Raba. Soksi ndefu nyeusi.
Shuka mbili, rangi ya bluu bahari.
Bahari yenyewe hapa Hombolo nani aliyeiona?
Tukakadiria kwa rangi ya bwawa.

Jumanne alimnyoa.
Alimketisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya jiko,
akafumua rasta za Pasaka moja moja,
akakata kwa mkasi ninaopogolea mizabibu,
kwa sababu ule mwingine, alisema, hauna makali.
Sikumbishia.
Mzabibu ukipogolewa hudondosha maji penye jeraha,
siku mbili, siku tatu,
tunapita chini yake tunalowa shingo.
Hatusemi unalia. Tunasema umeamka.
Nilitaka kumwambia mke wangu hivyo.
Nikaenda kuangalia mbuzi.

Mimi nami niliwahi kuitwa kuruta.
Siku kumi na moja, mwaka wa themanini na sita.
Nilirudi nyumbani na kikohozi cha kujitengenezea,
nikasema daktari wa jeshi amekikataa kifua changu.
Kifua hiki hiki
kilichokuja kubeba magunia ya mtama hadi mnadani.
Ukweli ni kwamba usiku ule niliruka seng'enge,
nikaifuata reli, Manyoni hadi Bahi,
mchana nikilala ndani ya makalavati,
na kisa chenyewe hakikuwa fimbo wala kwata.
Uji wa pale ulinukia kama uji wa mama yangu.
Basi.

Kwa hiyo stendi, Damari aliponiuliza,
"Baba, nikizidiwa nifanyeje?"
nilikuwa na jibu moja tu, nilijualo kwa miguu.
Nikalimeza.
Nikasema, "Kunywa maji mengi."
Akacheka. Kichwa kile kidogo, kipya,
sikuwahi kujua kina kovu juu ya sikio.
Mama yake alikuwa akigombana na kondakta kuhusu begi,
akaendelea kugombana
hata begi lilipokwisha kupakiwa,
hata basi lilipokwisha kuondoka.

Simu hawaruhusiwi.
Tunajua tu kwamba wanaamka saa kumi.
Hakuna aliyepanga, ila saa kumi sasa
na taa yetu inawaka.
Mke wangu anafagia uwanja gizani,
nami nazunguka shamba, mchakamchaka wa mzee,
ndala mkononi,
hata jirani yetu Ndahani ameniuliza nimeibiwa nini.
Ugali bado anasonga wa watu watatu.
Mlenda unabaki chunguni, unafanya utando.
Fungu la tatu hatuli, wala hatulipunguzi.
Kipande cha mpira kilichobaki kwenye bukta
amekivaa kifundoni mwa mkono.
Anasema ni cha kufungia mifuko ya mbegu.
Mbegu zilishapandwa.

Leo alfajiri upepo ulikuwa ukigonga mabati.
Niliketi kizingitini nikihesabu,
vidole vya mikono vikaniishia, nikaanza vya miguu.
Akaja na kikombe cha uji,
akakaa ubavuni pangu, hakunitazama.

"Leo ya kumi na mbili," akasema.

Nikasema sijui, sijahesabu.

"Kakupita."

Miaka yote hiyo.
Kile kikohozi nilichokikumbuka kila walipokuja wageni,
yale mafuta ya kuchua aliyoninunulia bila kuuliza,
akanichua.
Sikuwa na la kusema. Uji ulikuwa wa moto,
nikaupuliza, nikaupuliza tena,
nikanywa vibaya, ukanipalia,
nikakohoa. Kikohozi cha kweli safari hii.
Naye akanipigapiga mgongoni, taratibu,
huku jicho lake likiwa kwenye barabara ya mjini,
ambako hapakuwa na mtu anayekuja.