Konde la Moyo

Katika kitabu cha kanisa la Granånäs
padri aliandika neno lile lile mara sita,
kwa wino uliogeuka rangi ya chai:
Alianguka.
Halvar, 1811, akimfunga farasi.
Dordi, 1849, ndoo mkononi,
maji yakaganda kabla hajainuliwa.
Elof, arusini kwa dadake.
Wengine walisema pombe.
Wengine, laana ya mto.
Hakuna aliyesema damu.

Baba yangu, Sixten, hakuanguka. Aliketi.
Aliegemea gogo alilokuwa akilipasua
kana kwamba amekumbuka jambo,
na shoka likabaki limesimama peke yake.
Nilikuwa na miaka saba.
Nilimngoja amalize kukumbuka.
Mazikoni waliniinamia mmoja mmoja:
piga moyo konde, mtoto, piga moyo konde.

Tulipogawana mali
kaka yangu Ragnvald alichukua nyumba ya mvuke,
shangazi Hillevi mashine ya kusagia kahawa.
Mimi nikapata kituo,
yaani pale pigo moja linapokwisha
na la pili halijaamua kuja.

Daktari wa Umeå alinibandika nyaya, akahesabu:
thelathini na nne kwa dakika.
"Unaishije?" akauliza,
kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.
Nikamwambia napanda ngazi kwa awamu.
Akanichorea. Chumba cha juu kinatoa amri,
cha chini hakisikii;
njia iliyo kati yao inaliwa, kidogo kidogo,
na kosa lenyewe ni la zamani kuliko mimi.
Nilielewa upesi. Mimi ni mchomeleaji wa vyuma.
Kiungo kimelegea.

Wakanipasua chini ya mtulinga,
wakazika humo betri
isiyozidi kifuniko cha kopo la rangi ya viatu.
Sasa moyo wangu unapigwa konde kweli,
mara sitini kila dakika,
nilale nisilale,
niwe jasiri au niwe nimejificha bafuni.

Lakini mashine ya kuchomelea,
amesema, kaa mbali nayo:
umeme ule mkubwa utauchanganya huu mdogo.
Miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha mbao!
Nilitundika kofia yangu ya kinga msumarini,
kioo chake cheusi kikitazama ukuta,
na niliililia kofia ile
kuliko nilivyokililia kifua.

Bahasha ya Tuva iko juu ya jokofu tangu Jumanne.
Damu yake imesomwa.
Ndiyo au siyo, nusu kwa nusu,
kama sarafu iliyogoma kutua.
Ana miaka tisa. Anateleza kwenye theluji
mpaka giza linapoingia, saa tisa alasiri,
na mimi dirishani,
kila anaposimama kufunga kiatu
nahesabu.

Jana usiku alinilalia sikio hapa,
juu ya uvimbe,
akiutafuta mlio wa mashine.
Alikaa muda mrefu. Nywele zake zilinuka moshi wa kuni.
"Haisemi kitu," akanung'unika,
kama mtu aliyedanganywa kiingilio.
"Ni wewe tu."

Kisha akauliza kama kuna maziwa,
ikanibidi niende jikoni
nilifungue jokofu.